Nilimuzuia Mwalimu, Treni Ikaenda

Ninyi bijana benye mutasoma hii, mukae chini kwanza. Mi ni kambo, bibi muzee, niko na bajukuu na bitukuu, na siandiki hapa juu ya kufurahisha mutu. Nilifanya kosa. Sikuifanya juu ya njaa, na hakuna mutu alinishikia fimbo. Niliifanya na akili yangu yote, nikisimama ku mulango ya nyumba yangu, asubuhi, jua inawaka.

Jina yangu muniachie. Nilisoma mpaka mwaka ya tatu ya primere, basi. Kama kuna herufi imepotea njia, musamehe.

Miaka ile ya kufukuza batu, bengi kati yenu hamukukuwa mumezaliwa. Hapa Kolwezi kazi ilikuwa inakufa. Mugodi ilianguka ndani, mashine zikasimama, baba ba familia bakabaki kukaa mbele ya nyumba na mikono tupu. Na wakati kazi inakufa, batu banatafuta wa kulaumu. Balisema ni batu ba Kasai, jimbo ingine ya inchi yetu. Batu benye tulioana nabo, tulisali nabo, tulizika nabo! Mikutano ikaanza, nyimbo ikaanza, bakabaita majina ya badudu. Bijana ba kartie, ba mutaa yetu, balipita nyumba kwa nyumba kubaambia batoke. Familia zikabeba magodoro ku kichwa, bakaenda kulala ku gare, pale treni inasimama, chini ya mahema ya nailoni, bakingojea mabehewa ya kubapeleka kwabo. Bengi kati yabo hiyo "kwabo" hawakuiona hata siku moja. Balizaliwa hapa hapa.

Mwalimu alikuwa mumoja wabo. Nitamuita Mwalimu tu. Alifundisha korali, ile kwaya ya paruwasi yetu, na alipiga armoniumu, kile kinanda cha kanisa chenye kupumua ukikanyaga pedale. Alikuwa mutu mwembamba, koti nyeusi, maneno machache. Mukubwa ao mutoto, akiimba vibaya, Mwalimu alimwambia tu: "Usikimbie."

Alikuwa na kitu moja yenye hakuna mutu mwingine alikuwa nayo kartie muzima. Kisanduku cha mbao, mupana chini, mwembamba juu, kama nyumba ya ndege isiyo na mulango. Ndani kulikuwa kifimbo cha chuma, na ku kifimbo kichuma kidogo cha kupandisha na kushusha. Unatia ufunguo ku mbavu yake, kifimbo kinaanza kuyumba: ta, ta, ta. Kichuma ikiwa juu, mwendo ni polepole. Ikiwa chini, mwendo ni mbio. Aliita metronomu. Sisi tuliita saa ya Mwalimu, hata kama haikusema ni saa ngapi.

Wakati basoda ba jeshi balipora muji, Padri akarudi kwabo, tuligawanya bitu bya kanisa mu nyumba zetu ili bisiibiwe. Kwangu, juu nilikuwa mukubwa ya bamama ba paruwasi, balileta armoniumu. Banaume bane baliibeba mpaka mu salon, sebule yangu, ikajaa ukuta muzima. Bandugu! Nilijisikia kama balileta askofu mwenyewe akae kwangu.

Njo hapo kiburi yangu ilianza.

Paruwasi ya upande ingine ya muji balikuwa banaitaka ile armoniumu. Balisema: ninyi sasa hamuna mupigaji, Mwalimu atafukuzwa pamoja na bengine, kinanda itakaa bule. Mujumbe ya askofu akasema atakuya ku sikukuu ya paruwasi yetu. Akikuta mutu anapiga misa, kinanda inabaki. Asipokuta, inaenda.

Mujukuu yangu Mado, mutoto ya binti yangu marehemu, alikuwa musichana wa miaka kumi na ine. Mwalimu alikuwa amemuanzisha. Mikono yake ilikuwa mizuri lakini yenye haraka. Nikasema mu moyo: huyu njo atapiga. Bamama ba paruwasi ingine batameza mate.

Sasa musikilize vizuri.

Mwalimu na muke yake na batoto balitoka mu nyumba yabo, bakaenda ku gare kama bengine. Siku moja asubuhi akarudi peke yake, akipita njia ya nyuma, metronomu chini ya koti. Akaniambia alikuya kumuachia Mado, juu ku gare itaibiwa ao itavunjika. Alitaka kuiweka mezani na kurudi. Hakukaa hata chini.

Mi njo nilimukalisha.

Nilimwambia barabara ni mbaya, bijana banazunguka, angoje kidogo. Hiyo ilikuwa kweli. Nikamwambia Mado hajafika mwisho ya Gloria, ule wimbo ya misa, kuna pahali inamushinda, je, anaweza kumuonyesha? Hiyo pia ilikuwa kweli. Na hii mutie akilini: sikumudanganya hata neno moja siku ile ya kwanza. Nilipika bukari ya unga na sombe ya majani ya muhogo, nikamutandikia mu aneksi, kile chumba kidogo nyuma ya nyumba, mu parsele yetu. Alilala pale. Kesho yake akasema anaenda, nikasema Mado bado. Kesho kutwa vile vile. Muke yake alijua yuko kwangu. Tulipatana kwamba treni ikikuya, atatuma mutu.

Batu ba korali bananifahamu: mi si mutu wa kubembeleza. Lakini siku zile nilibembeleza. Nilimupa chai na maziwa yenye sikunywa mwenyewe. Nilijiita musamaria mwema, na majirani benye balijua balinisifu kwa sauti ya chini. Nilipenda hiyo sifa, nisiwafiche.

Nilitoa amri mu nyumba: Mado apige kila siku, madirisha wazi, kama kawaida, juu nyumba yenye inanyamaza inavuta macho. Mwalimu alikaa ku kigoda nyuma ya kabati. Hakufungua kinywa. Akitaka Mado arudie, alimugusa bega. Ukisikia toka barabarani, ni mutoto tu anajifunza na ile saa ya mbao. Niliona nimekuwa mwerevu sana.

Namna yake ya kufundisha, batu ba korali balilelewa nayo. Unaanza kichuma ikiwa juu, mwendo ya mutu mwenye kubeba maji. Unapiga mustari mpaka itoke safi. Ikitoka safi, anashusha kichuma alama moja, lakini haupigi. Unaweka mikono ku magoti, unaacha saa ipige yenyewe, unaisikia, mpaka moyo yako ikubali mwendo mupya. Njo unaanza. Mwanafunzi ya peke yake hawezi kufanya hivyo. Anashusha na anarukia. Kukaa na mikono ku magoti, saa inapiga, kinanda kimya, hiyo ilikuwa Mwalimu. Hakuna mwingine.

Mi sikufikiri hiyo. Nilifikiri madirisha.

Ile asubuhi ya kosa yangu, nimetoka tu ku soko, mama mumoja muuza makala, ni kusema mukaa, mwenye alikuwa anapita ku gare kila siku, akasimama ku mulango yangu na gunia yake. Akaniita pembeni. Akasema muke ya Mwalimu ametuma neno: mabehewa yamefika, batu banapanda, akuye sasa.

Nilimwambia: "Asante, mama. Nitamuambia."

Na sikumuambia.

Muniulize sababu, nitawajibu, juu nimejiuliza miaka yote hii. Treni zile zilikuwa zinakaa. Kila mutu Kolwezi alijua. Mabehewa yanafika leo bila lokomotive, kile kichwa ya kuvuta, batu banapanda, banalala ndani na njaa, lokomotive inakuya kesho ao kesho kutwa. Treni zote zenye zilitangulia zilikaa hivyo. Nikasema mu moyo: ya leo pia itakaa. Na mu salon nilisikia Mado amefika ile pahali ya Gloria yenye ilikuwa inamushinda, na kwa mara ya kwanza vidole vyake havikukimbia. Nikasema: amalize tu. Muchana, baada ya chakula, nitamuambia.

Nilirudi jikoni nikatwanga sombe. Nilikuwa naimba, Mungu anisamehe.

Tulikula. Sikusema. Mwalimu aliniuliza kama kuna habari ya gare. Nikamujibu nimepita ku soko tu. Musikie hiyo jibu. Hata hapo ulimi yangu ilizunguka uwongo, ikatafuta kweli ndogo ya kujificha nyuma yake.

Baada ya chakula, Mado akaketi tena. Mustari, safi. Kichuma ikashuka. Mikono ku magoti. Ta, ta, ta, ta. Mustari. Kichuma ikashuka. Mikono ku magoti. Ta, ta, ta.

Nikaona kivuli ku dirisha.

Alikuwa Roja. Hiyo si jina yake. Kijana ya kartie yetu, nilimuona akizaliwa, aliimba besi mu korali mpaka Mwalimu akamutoa ku mustari ya mbele. Sasa alikuwa na kitambaa nyekundu ku kichwa na fimbo ya misumari, na benzake nyuma yake ku barabara. Lakini hakuwa anapiga kelele. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza, mukono moja inapiga mwendo ku paja. Sijui alikuwa amesimama pale tangu wakati gani.

Akaingia bila kubisha.

"Kambo, nani anafundisha humu?"

"Mado anapiga peke yake. Hauna macho?"

"Macho niko nayo. Masikio pia." Akatabasamu. "Mado hajui kungoja, Kambo. Hata mi sikujua, njo maana alinifukuza mbele. Saa inapiga bule na mutoto ametulia? Huyo si Mado."

Nilisimama mbele ya kabati. Nilimuambia maneno makali, nikamukumbusha nani alimuogesha wakati mama yake alikuwa ku maternite, hospitali ya kuzalia. Benzake bakacheka. Yeye alicheka pia, lakini hakuondoka.

"Mwalimu," akasema, kama mutu anaita ku mazoezi. "Toka. Ni mi, besi yako mubaya."

Mwalimu akatoka nyuma ya kabati. Alijinyoosha koti. Hakuniangalia. Alimuangalia Roja, kisha benzake, kisha fimbo zabo. Mmoja wa bale ba nje akasema wasichelewe, wamutoe hapo barabarani. Mwingine alikuwa tayari ameokota jiwe.

Roja akainua mukono. Akaenda ku armoniumu, akashika metronomu, akaitia ufunguo mpaka ikakataa kuzunguka. Akaiweka pale pale. Kifimbo ikaanza, na mwendo yenye Mwalimu alikuwa ameweka ilikuwa tayari ya mbio.

"Inapiga, unatembea," akasema. "Ikinyamaza, hawa banakufuata. Na mi sitabazuia."

Hapo kinywa yangu ikafunguka. Nilikuwa nimeificha ile neno tangu asubuhi kama kaa la moto mu kitambaa, na sasa ilinibidi kuitoa mbele ya bote.

"Mwalimu. Muke yako alituma mutu. Mabehewa yamefika."

"Yamefika saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi, Mama?"

Basi. Ninyi bijana benye munasoma, kama angenipiga kofi mbele ya Roja, leo ningekuwa nalala vizuri.

Aliweka mukono ku kichwa ya Mado. Akamuambia lile neno lake moja: "Usikimbie." Akatoka.

Na yeye hakukimbia. Mutu wa Kasai akikimbia mu kartie siku zile, mawe yanamukimbilia. Alitembea mwendo moja, katikati ya barabara, koti imefungwa vifungo vyote, kama mutu anaenda misa. Nilimuangalia mpaka akakata kona. Kutoka kwetu mpaka ku gare ni mbali.

Mu nyumba, saa ilikuwa inapiga mbio. Kila pigo inakula waya ya ndani yenye ufunguo ilikaza, na waya ikiisha, basi. Bijana balikaa ku mulango bakingojea. Mmoja aliuliza kama kuna maji ya kunywa, na mi, mujinga, nikamuletea.

Njo nikaona mukono ya Mado. Alinyoosha pole pole, akashika kile kichuma, akakipandisha juu kabisa. Ta. Kimya. Ta. Kimya. Mwendo ya mutu mwenye kubeba maji. Juu saa ikienda polepole, waya inachelewa kuisha. Kila mutu ya korali alijua. Roja alijua.

"Unafanya nini?" akamuuliza.

"Naanza upya," Mado akasema. "Tunaanza polepole. Njo alisema."

Akapiga Gloria kwa ule mwendo ya polepole, kila noti na pumzi yake. Benzake Roja balianza kulalamika, hii kitu itaisha lini. Roja aliegemea ukuta, macho chini. Akabajibu: "Haijanyamaza." Hiyo tu.

Sijasali maishani kama nilisali pale, nikiangalia kifimbo. Treni ikae. Treni zote zinakaa. Hii pia ikae.

Na metronomu ikiwa bado inapiga, tukasikia honi upande ya gare. Ndefu. Kisha tena. Lokomotive ilikuwa imekuya na mabehewa, siku ile ile. Tukasikia chuma ikivutana na chuma, na mulio ile ikaanza kusogea upande ya Tenke, njia ya Kasai.

Mado hakuacha kupiga. Alilia na akapiga, mpaka saa ikachoka yenyewe, ta, halafu kimya ndefu, halafu ta, halafu hapana.

Bijana bakasimama, lakini moto yabo ilikuwa imezimika, bakaondoka kutafuta nyumba ingine. Roja alibaki nyuma kidogo ku mulango.

"Kambo, uliijua tangu asubuhi?"

Niliokota kikombe ya maji yenye mwenzake aliacha chini.

"Mi batu bananiona na fimbo, banakimbia," akasema. "We ulikuwa unamupikia."

Akaenda.

Nini ilifuata, niliipata vipande vipande. Muchuuzi mumoja wa Fungurume alisema aliona mutu mwenye koti nyeusi anafuata reli kwa miguu, anauliza ku kila kituo kama treni ya Kasai imepita. Aliambiwa imepita. Akaendelea. Zaidi ya hapo hakuna mutu mwenye alinipa habari ya kweli, na sitaitunga.

Ya muke yake niliijua miaka mingi baadaye, kwa mama mwenye alirudi kuishi hapa. Balikuwa behewa moja. Kitinda-mimba ya Mwalimu alikuwa na kikohozi ya ku gare. Alikufa mbele ya kufika Kamina. Treni ilisimama pori, banaume benye hawamujui bakachimba kaburi kando ya reli, baba yake hayuko. Na yule mama akaniambia neno lenye limenikaa hapa kifuani kama mufupa: muke ya Mwalimu aliamini bwana yake alipata habari na akakataa kuya. Kwamba alichagua kubaki. Alisema: "Nilituma mutu. Aliambiwa."

Aliambiwa! Mi njo niliambiwa.

Ku sikukuu ya paruwasi armoniumu ilirudishwa kanisa, mujumbe akakuya. Mado akaketi ku armoniumu mbele ya batu bote, akaweka mikono ku magoti, na hakuziinua. Tulingojea. Hakuziinua. Wiki ile ile kamio, lori ya paruwasi ingine, ikakuya kuchukua kinanda. Leo Mado ni mama ya batu bazima, anaishi Kisenge. Haimbi hata ku ubatizo. Akikuya kunisalimia, anachagua kiti yenye inageukia mulango, ili asiione kabati.

Nawaambia bijana: muogope ubaya wa watu wenye fimbo, ndiyo. Lakini muchunguze pia wema wenu. Ukimusaidia mutu, ujiulize kama na we kuna kitu unangojea kwake. Kama iko, umuambie waziwazi, ao umuache aende. Mi nilimuficha Mwalimu kweli, nilimulisha kweli, na nilikuwa namukamua kama ng'ombe. Neno ya mutu si yako. Ikikufikia ku mulango, uipeleke hapo hapo, hata na mikono yenye unga.

Metronomu iko juu ya kabati yangu, imefunikwa na kitambaa. Haijatiwa ufunguo tangu siku ile. Nimezeeka, sibaki na siku mingi, kwa hiyo niliita nyumba muzima, bakubwa na badogo, nikabaambia hivi: siku mutu akibisha hapa na kusema ni mutoto ao mujukuu ya Mwalimu, mumupe hii saa ku mulango pale pale, na mumusomee karatasi hii yote, bila kuruka. Mi nikiwa nalala, muniamushe. Nikiwa nimekufa, mumuonyeshe kaburi. Na akisema anaenda, asiwepo mutu wa kumuambia angoje chakula. Mufungue mulango.